Nyundo ya Bingwa wa Niigata

...na kama kazi yenyewe ni kuzunguka tu, nani hawezi, hata ngamia wa kinu cha mafuta anazunguka na hajawahi kudaiwa cheti, alijisemea Daigo, kifua kimelalia mpini, mikono imeikaba shingo ya nyundo ya mbao kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku, hatua moja kulia, kandamiza, hatua nyingine, kandamiza, wali wa kunata uliotoka jikoni sasa hivi ukilia nyaa nyaa chini ya uzito wake ndani ya kinu, mvuke ukimpanda puani, jasho likimshuka mpaka masikioni, maana ni tarehe ishirini na nane Desemba na Sri Racha, huku Thailand, inachemka kama vile hakuna aliyeiambia kwamba mwaka unaisha, huko kwao Niigata, Japani, saa hizi theluji imeziba madirisha ya chini na watu wanachungulia dunia kutoka ghorofani, naye yuko hapa, kwenye ua wa ukumbi wa Wajapani, kaptura, taulo kichwani, watu mia wamesimama duara wakimtazama yeye, si mwingine, Daigo, mchoma mishikaki namba moja wa barabara nzima, miaka ishirini na miwili, sura anayo, misuli anayo, tusifichane, mtu kama huyu ukimpa nyundo ya kutwangia mochi, ule mkate wa wali wa mwaka mpya, anapendeza hata kabla hajapiga, ipigwe picha tu halafu watu waende makwao, hilo lingekuwa jambo la maana kabisa... "Mkono wa kulia uteremshe, mwanangu," alisema Bibi Tomie pembeni yake, polepole, kama anayemkumbusha mtu kufunga kifungo, na Daigo akajibu "Ndiyo, Bibi," kwa sauti ya mtu anayekumbushwa jambo alilozaliwa nalo, akateremsha mkono, na lo, nyundo ikawa nyepesi ghafla, kumbe... hapana, alijua, alikuwa ameshika juu makusudi, ni mtindo wa Niigata, ndivyo angejibu kama angeulizwa, ila bahati ya mtoto wa mjini, hakuulizwa, hatua, kandamiza, hatua, na kule mbele kipaza sauti kikakohoa, Baitong huyo, amevaa wigi la buluu la nahodha wa meli ya angani, yule wa kwenye katuni, na koti lenye vifungo vya dhahabu katika joto hili, na bado anang'aa kama amekaa kwenye jokofu, anawaelezea Wathai wenzake kwa Kithai mambo yanayotendeka, na Daigo, ambaye Kithai chake alikiokota jikoni kati ya moshi na matusi, anasikia kila neno, Mungu amsamehe aliyemfundisha Kithai. "Jamani sogeeni, mnamwona huyu? Huyu alianza kutwanga akiwa na miaka mitatu!" na watu wakasema ooo, naye Daigo akavimba kidogo, halafu akanywea, maana neno hilo ni lake, alilisema yeye mwenyewe kwa kinywa chake mwezi wa tano nyuma ya mgahawa, mguu mmoja juu ya kreti ya soda, na lilikuwa tamu sana siku ile, lilitoka kama mate, lakini ukilisikia linapigwa kwenye spika mbili kubwa zilizoazimwa hekaluni, mbele ya watu mia, linakuwa na pembe na mkia... miaka mitatu, mtoto wa miaka mitatu anainua vipi nyundo ya kilo tano, hakuna hata mmoja hapa anayejiuliza, watu wema hawa, watu wema wanaua.

Maana ukweli, na huu hakuna anayeujua ila mama yake na dada yake na Mungu, ukweli ni kwamba Daigo hajawahi kuinua nyundo hii kwa ajili ya kitu chochote, kwao kulikuwa na mashine, nyeupe, kubwa kama ndoo ya mchele, mama alikuwa anaiweka sakafuni karibu na friji, anamimina wali, anabonyeza kitufe, na mashine inaanza kutetemeka na kunguruma, wali unajiviringisha ndani yake kama tumbo la mtu mnene anayecheka, naye na dada yake wamelala kifudifudi chini ya meza ya joto, ile yenye hita na blanketi, wakitazama katuni, na mwisho mashine inapiga kimuziki, tirilili, mochi tayari, huo ndio utwangaji wa Niigata, mchele mtamu kuliko wote duniani na umeme wa serikali, na mara moja tu, chekechea, walimu walileta kinu halisi na nyundo ndogo za watoto, kila mtoto agonge mara moja apigwe picha, na Daigo alipoona mkono wa mwalimu unaingia ndani ya kinu na nyundo inashuka, alilia mpaka akajikojolea akarudishwa nyumbani, picha ipo, dada yake ameihifadhi kwenye simu kama silaha... "Bingwa wa wilaya!" Baitong aliendelea, "miaka minne mfululizo!" na Daigo akakosa hatua, minne, nani kasema minne, yeye alisema miwili, ana hakika alisema miwili, hata uongo una mipaka yake, mtu mwenye heshima huongopa kwa kiasi, hii miwili ya nyongeza imetoka wapi, akainua macho, Baitong hakumtazama, alikuwa anawapungia watoto mkono. "Kijana!" hiyo sauti sasa ni ya Bwana Hamaguchi, mwenyekiti wa ukumbi, mhandisi wa kiwanda cha vipuri, kitambi kimetangulia, kipara kinamulika, tangu asubuhi anazungukia nyundo kama paka kwenye samaki, "kijana, unautwanga au unauchua? Huo ni wali, si mgongo wa mkeo!" na Wajapani wakacheka, na Baitong akakitafsiri kichekesho kwenye kipaza sauti, na Wathai nao wakacheka, zamu mbili za kicheko kwa kichekesho kimoja, na Daigo akarusha jibu bila kusimama, mdomo wake haujawahi kulala njaa, "Subira, mzee wangu, ukipiga mapema punje zinaruka, zikikutua kichwani hapo zitateleza mpaka baharini!" wakacheka zaidi, hata Bibi Tomie akaficha mdomo kwa mkono, na mwenyekiti akajipapasa kipara, na Daigo akapumua, mdomo oyee, mdomo umemtoa mbali, ingawa neno lenyewe la punje kuruka alilipata kwa Bibi Tomie asubuhi hii hii walipokuwa wanaosha kinu, alikuwa hajui, alidhani unafika tu na kupiga, pa, pa, pa, kumbe kupiga ni mwisho, kazi ni huku kukandamiza, kuzunguka na kukandamiza mpaka punje zisahau kwamba zilikuwa punje.

Na si kwamba yeye ni mwongo, aliwaza, hatua, kandamiza, mwongo ni mtu anayetaka kitu chako, yeye hajataka kitu cha mtu, yeye alianza tu kwa kushangaa, maana kule kwao aliacha shule na miaka kumi na sita, walimu walishakubaliana kwamba kichwa chake ni boga, wakati wenzake wanafanya hesabu yeye anasoma vitabu vya katuni chini ya dawati, wakavichukua, akaleta vingine, wakavichukua, mwishowe akavifuata nje, halafu akaja huku kwenye jiko la mjomba, siku ya pili tu Baitong akaingia kula, akamwona na kitabu cha katuni kwenye mfuko wa aproni, akamuuliza kwa Kijapani cha kwenye katuni, kile cha majigambo na kelele, "Wewe! Ulichokishika ni juzuu ya kumi na moja?" na kila kitu kikaanzia hapo, kila Jumatatu mgahawa ukifungwa wanakuja, wanane, wauza simu, wanafunzi, fundi wa pikipiki mmoja, wanakaa kwenye vibao, na Daigo anawasomea, anawaeleza nahodha anasema nini na kwa nini mtu hawezi kumwambia bosi wake hivyo, na wao wanaandika, jamani, wanaandika, wameshika kalamu wanaandika anachosema Daigo, kichwa boga, mara ya kwanza alipoona madaftari yale nane alikwenda chooni akajitazama kwenye kioo, sasa mtu ukiona maneno yako yanaandikwa si utaongeza chumvi kidogo, kila mtu angeongeza, na kule nyumbani mambo ya majira hakuyajali hata chembe, maharage ya kufukuza zimwi mwezi wa pili, karatasi za maombi kwenye mianzi mwezi wa saba, mambo ya watoto na wazee, lakini huku, nchi isiyo na majira ila joto, joto kali na mvua, huku yote yalimrudia kama nguo za zamani zinazomtosha vizuri kuliko mpya, Februari alivaa pembe akawa zimwi, watoto wakamkimbiza na maharage mpaka sokoni, wauza matunda nao hawakuuliza hii ni dini gani, wakaokota karanga wakamtwanga nazo, na Julai fundi wa pikipiki alifunga karatasi yake kwenye mwanzi, ameandika kwa herufi zilizopinda kama waya kwamba anaomba mama yake apone goti, na goti likapona, sasa nani alileta hayo, nani, si yeye... halafu mtu wa namna hiyo, anapoulizwa kwenu mnatwangaje mochi, aseme nini, aseme tunabonyeza kitufe?

"Wali umeanza kushikana," alisema Bibi Tomie, akachungulia kinuni, "duru chache tu," na Daigo akasema "Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo, Bibi," na akafupisha hatua, maana duru chache maana yake kupiga kunakuja, ila tulia, tulia mtoto wa kiume, mahesabu ameyafanya, jana katazama video saba kwenye simu, anayepiga anapiga, anayegeuza anaingiza mkono uliolowa maji kati ya pigo na pigo, anaukunja wali katikati, anautoa mkono, pigo, mkono, pigo, mkono, na mgeuzaji ni nani, ni Bibi Tomie, miaka sabini na mmoja, miaka hamsini ndani ya kinu, alikuja huku kumfuata mume, mume akafa, akasema kurudi ni mbali, akabaki kuwafundisha watoto wa mchanganyiko kuandika kwa brashi, mkono wa namna hiyo hata nyundo angeshika mlevi usingeguswa, mkono wenye akili zake wenyewe, na kwa hiyo, ukitazama vizuri, kosa la Daigo halina hatari, uongo wake umeegemea ukuta imara, atainua, atashusha katikati, asiguse ukingo wa kinu wasije wakatafuna vibanzi, Bibi atamkwepa, watu watapiga kelele za kumhimiza, yoisho, Baitong atapiga picha, mwaka mpya huo, kwisha... kandamiza, hatua. "Ila mwaka huu," Bibi Tomie alisema, na sasa alisema kwa nguvu kidogo, kwa watu wote, akavuta shingo ya blauzi, bega lina plasta tatu za dawa kama bahasha iliyobandikwa stempu, "mwaka huu bega limegoma, hata kijiko linashika kwa kubembelezwa. Mimi nitaangalia. Nani atageuza?" Bwana Hamaguchi aliangalia saa yake. Mama mmoja aliangalia kucha zake. Halafu kipaza sauti kikapiga mluzi, "Mimi," alisema Baitong, kwa Kithai, halafu kwa Kijapani, "mimi nitageuza," akakilaza kipaza sauti juu ya meza ya unga wa soya, akavua wigi la buluu, nywele zake mwenyewe zimeganda kwa jasho kwenye paji la uso, akavua koti, akavua bangili moja, mbili, tatu, akachuchumaa kwenye ndoo ya maji akachovya mkono, wa kulia.

Wa kulia... subiri, huo wa kulia ndio anaochorea, aliwaza Daigo, na miguu ikaendelea yenyewe, hatua, kandamiza, miguu haina habari, mkono huo una kurasa thelathini na mbili za katuni yake mwenyewe, katuni ya msichana anayesambaza mvua kwa pikipiki, ameandika kwa Kijapani, ataituma kwenye mashindano Januari, kila Jumatatu anamletea ukurasa, na yeye anajifanya anasahihisha, anakuna kidevu, wakati herufi ngumu nusu yake hazijui, Baitong ndiye anayemsomea halafu yeye anasema "sawa sawa, umekumbuka," na bado kurasa nane, nane, mkono huo huo, na ukuta wake umeondoka, Bibi Tomie amesimama kando na plasta zake, na mahali pa mkono wenye miaka hamsini umekuja mkono unaoamini kwamba aliyeshika nyundo ni bingwa wa wilaya miaka minne mfululizo, au hata miwili, hata mmoja... "Mwalimu," Baitong alisema akichuchumaa mbele ya kinu, mkono unadondosha maji, anamwita hivyo kila siku na Daigo hajawahi kujua kama ni heshima au kejeli, "usinionee huruma, piga kama unavyopiga kwenu." Kama kwenu, sawa, basi leteni soketi. Fikiri, Daigo, fikiri, boga wewe, mdomo uko wapi, mdomo ulioshiba siku zote, sema mgongo umekatika, hapana, mwenyekiti atanyakua nyundo, si ndiyo vizuri, si vizuri, Baitong ataona, sema bega lako nalo limegoma, mabega yanaambukizana, sema umeitwa mgahawani, kuku wanaungua, mgahawa umefungwa leo na mjomba yule pale anakula, zimia, watu wanazimia kwa joto kila siku, ukianguka taratibu upande wa kivuli... au piga polepole, gusa tu kama unambembeleza mtoto, lakini watu wamekwisha kuanza kupiga makofi ya mpigo, Bibi Tomie amewafundisha kuhesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, ua mzima, wauza simu na wahandisi na watoto, sauti moja, na kwa sauti ile hakuna mtu anayegusa, mkono unapanda wenyewe, na ukishapanda unashuka, na kati ya kupanda na kushuka kuna vidole vitano vyenye kurasa nane, akaviona vidole, akaona nyundo, akasikia, Mungu wangu, akasikia ule mlio ambao haujatokea, na akili yake, ambayo siku zote ilikuwa na neno la kuongeza, ikawa haina neno hata moja la kuongeza, ikabaki nalo moja tu la kupunguza. Duru moja zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, hawajasema anayeongopa huku anazunguka kinu atafika lini. Duru nyingine. "Wali unapoa!" alinguruma Bwana Hamaguchi. "Sijawahi," alisema Daigo. "Nini?" alisema Baitong. "Sijawahi," na kwa kuwa lilikuwa limeshaanza kutoka akalitoa lote, kwa Kijapani, halafu kwa Kithai cha jikoni ili asibaki hata mmoja wa kuuliza jirani yake, "sijawahi kutwanga. Hata mara moja. Si mitatu, si minne, sina ubingwa wowote. Kwetu tuna mashine. Toa mkono wako humo," na kile kipaza sauti kilicholazwa juu ya meza kilikuwa wazi, kumbe hakikuzimwa, spika mbili zikapokea na kutangaza toa mkono wako humo mpaka barabarani, na muuza nanasi aliyekuwa anapita akatoa mkono wake kwenye kikapu.

Akangoja mbingu zianguke, miguu bado inazunguka, hatua, kandamiza, haikumjia akilini kusimama, na kitu cha kwanza kilichoanguka hakikuwa mbingu, ilikuwa sauti ya Bwana Hamaguchi, ndogo, ya mtu mwingine kabisa, "Mashine ya aina gani?" Daigo akamtazama. "Nyeupe," alisema, "ya sakafuni." "Inapiga wimbo ikimaliza?" "Tirilili," alisema Daigo. "Tirilili-lii," alisema mwenyekiti, "yetu inarudia mara mbili," na mke wake aliyekuwa anakuna figili pembeni akainua kichwa, "Si ulisema wewe ulitwangia kijiji kizima, baba Kenta?" na mwenyekiti akageukia moto wa jikoni kana kwamba umemwita, na hapo ndipo Wajapani walipopasuka, mmoja akasema kwao mashine ilihama yenyewe kwa kutetemeka mpaka mlangoni, mwingine akasema kwao walinunua ya dukani na kudanganya wageni, na Bibi Tomie anafuta macho kwa kona ya aproni kwa kucheka, bega moja tu likitikisika, lile lisilouma, na Wathai wanadai kutafsiriwa, "Nini? Nini? Wamesemaje?" lakini mtafsiri wao alikuwa bado amechuchumaa mbele ya kinu, mkono umelowa, wala hakuutoa, anamtazama Daigo kwa chini, na usoni mwake hamna mshangao hata wa kuazima. "Nilikuwa nahesabu," alisema Baitong, "utafika duru ya ngapi." "Ulijua?" "Umeishika kama fagio, mwalimu. Tangu mwanzo. Na hiyo miaka minne niliongeza mimi, niliona miwili ni michache kwa mtu mkubwa kama wewe." "Na mkono? Ungeacha mkono wako ndani na mimi nina..." "Ningeutoa. Ningeutoa upesi, na Jumatatu nisingekuja." Akasema hivyo bila ukali, kama anayetaja bei ya embe, halafu akaukunja wali katikati, haraka, vidole viwili na kiganja, kwa mkunjo ambao Daigo aliuona kwenye video ya nne na ya sita, tena wa kwake safi kuliko ule wa video. "Wewe... umejifunza wapi?" na yeye akasema "Nyumbani, wapi tena, mkoani Nan, kule milimani, bibi yangu ana kinu kikubwa kuliko hiki, baridi ikiingia tunatwanga wali wa kunata na ufuta mweusi, nageuza tangu nina miaka saba, na hii saba haina chumvi." "Mbona hukuniambia?" Baitong akacheka, akachovya mkono tena. "Saa ngapi, mwalimu? Wewe unatoa nafasi?" ...na Daigo akazunguka, hatua, kandamiza, akajaribu kukumbuka, mwaka mmoja na nusu wa Jumatatu, toa sikukuu, toa ile wiki ya mafuriko, kama Jumatatu sabini hivi, na katika hizo sabini amemuuliza nini huyu, amewauliza nini wote wanane, akatafuta, akapekua kama mtu anayetafuta funguo, na swali alilolipata ni moja tu, alilolirudia kila mara, mwisho wa kila ukurasa, kidole juu, "Mmeelewa?" basi, hilo tu, hajui hata fundi wa pikipiki anaitwa nani kwao, hajui mvua ya kwenye ile katuni ni mvua ya wapi, alidhani ni mvua tu, alidhani ameleta majira katika nchi isiyo nayo, na kumbe kule Nan watu wanavaa sweta na kutwanga, baridi inaingia mlangoni na bibi mmoja anaosha kinu... aliona aibu, lakini haikuwa ile ya shuleni ya kichwa boga, wala ile ya chekechea, hii ilikuwa na upepo ndani yake, kama chumba kilichofunguliwa dirisha, akashangaa, hakujua kama kuna aibu ya namna hiyo. "Nipe hiyo nyundo basi," alisema Bwana Hamaguchi, amerudi, haya zimekwisha upesi, na Bibi Tomie akasema, "Mwache, mwenyekiti, huyu walau miguu yake imejifunza, wewe bado una tirilili kichwani," akachungulia kinuni, akagusa wali kwa ncha ya kidole, punje bado zinaonekana, chache, nyeupe, zinakataa kusahau, "bado," alisema, "zunguka," naye Daigo akazunguka, nyundo ile ile, jua lile lile, watu wale wale mia wakimtazama, ila safari hii hakuwatazama, alitazama kiganja kilicholowa kinavyosubiri ukingoni mwa kinu, akafungua mdomo ukatoka neno ambalo yeye mwenyewe hakulizoea, "Kwenu," aliuliza, "anayepiga anajuaje saa ya kupiga?" na Baitong akamtazama kidogo, kama anayepima kama ni mzaha, halafu akasema, "Anayegeuza ndiye anasema. Nikisema haya, unapiga. Nikinyamaza, inabaki hewani hata kama inakukata mikono," na Daigo akaitikia kwa kichwa, hatua, kandamiza, akalitafuna jibu lile mpaka mwisho na hakuliongezea kitu, duru nzima, dada yake asingeamini, halafu akauliza tena, maana ukishaanza kumbe si vigumu, "Na ule ufuta, mnautia mapema, au mnangoja mpaka wali ushikane?"